Mzigo Ukilala

Nyanya zikipanda bei hapa Dar es Salaam, mshtakiwa huwa mmoja tu: dalali. Kwenye genge la mtaani kwetu kesi hiyo husikilizwa kila msimu. Mama muuzaji anaapa kwamba kanunua ghali, mteja anasema madalali wanatunyonya, bodaboda aliyekuja kununua kitunguu kimoja anaitikia, na hukumu inatoka hapo hapo bila mshtakiwa kuitwa. Mimi huwa nanyamaza. Nina ndugu mlimani, upande wa Lukozi wilayani Lushoto. Shangazi yangu analima mboga, na mjomba wangu alikuwa dalali wa mboga miaka mingi kabla magoti hayajamstaafisha. Nimekula ubwabwa wa pande zote mbili za kesi.

Kwa hiyo naandika nikiwa na upendeleo, ila umegawanyika. Nilichokiona kwa kuufuata mzigo kutoka shambani hadi soko la Ilala, Dar, ni kwamba kwenye biashara ya mboga bei hutajwa na yule anayeweza kusubiri. Mkulima wa nyanya hawezi. Dalali anaweza kidogo, siku moja hivi, pengine saa chache tu. Mengine yote yanatoka humo.

Wasioijua Usambara, milima hiyo ya Lushoto, hudhani mkoa wa Tanga wote ni mkonge na minazi. Ukiacha barabara kuu pale Mombo ukapanda zile kilomita 33 za kona hadi Lushoto mjini, unatoka kwenye joto, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, unafika mita 1,400 hivi, mahali ambapo mwezi wa saba watu hulala na blanketi mbili. Ubaridi huo uliwavuta Wajerumani, wakauita mji Wilhelmsthal, na ndio huo huo unaoifanya kabichi ifunge ngumu kama jiwe. Mboga ambazo wazee waliziita za kizungu, karoti, koliflawa, liki, letusi, zikapata kwao. Ila Lushoto mjini si mwisho. Pita Magamba, pita msitu, shika njia ya Malindi na Lukozi: huko ndiko magari yanakojazwa.

Na mashamba ni madogo. Kipande cha shangazi cha bondeni, chenye maji ya mfereji, hakifiki nusu eka. Kingine kiko juu kwenye matuta na kinategemea mvua. Majirani zake ni hivyo hivyo. Ili Fuso moja lijae, lazima mtu apite kwa wakulima wengi, achukue magunia matatu huku, matenga matano kule, kabichi za mzee fulani ambaye hajaamua bado, na ajue nani anavuna lini na nani maneno yake hayaaminiki. Mkulima hana muda wa kuzunguka hivyo, na mnunuzi wa Dar haijui hata njia. Hapo ndipo dalali anapopatia kazi.

Nianze na nyanya, maana ndiyo yenye roho nyepesi kuliko zote. Inayokwenda Dar haichumwi ikiwa nyekundu. Inachumwa ikianza kugeuka, kitako kimeshika rangi kidogo na mabega bado kijani, ili iivie njiani. Ukichelewa siku mbili tu, umebaki na nyanya za gulio la karibu. Mbegu nazo zimechangia: Tengeru 97 na Tanya, zilizotoka Arusha miaka ya tisini, zilipendwa kwa sababu ganda lake linavumilia safari kuliko zile za zamani ambazo zilikuwa zinapasuka hata kwa kutazamwa. Siku hizi kuna chotara za kila jina, na muuza mbegu atakwambia kwanza habari ya ganda, halafu ndipo aseme mavuno. Ladha haulizwi. Ukishangaa kwa nini nyanya ya siku hizi ina ngozi kama ya mpira, kumbuka imetengenezwa kwa ajili ya kona za Soni, kwenye ile barabara ya kushuka Mombo.

Kabla ya kufika huko lazima iokoke shambani. Tangu 2014 yule mdudu anayechimba majani na matunda, wakulima wanamwita kantangaze, amewafanya watu wapulize dawa hadi mikono inanuka wiki nzima. Dawa ni fedha, na mara nyingi imekopwa. Kumbuka deni hilo, tutakutana nalo kwenye meza ya bei.

Karoti ni kazi nyingine. Inang'olewa asubuhi, inakatwa majani, inabebwa hadi kwenye mto. Vijana wanatandika turubai kwenye kishimo, wanamwaga karoti na maji, wanapanda juu wakiwa wamekunja suruali, wanazikanyaga kwa mwendo wa taratibu, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, huku mmoja akiongeza maji kwa ndoo. Udongo mwekundu unatoka kama chai. Baada ya maji ya tatu karoti zinang'aa, na kila moja imekwanguka ngozi kidogo bila mtu kuiona. Karoti yenye udongo wake hukaa siku nyingi zaidi. Iliyooshwa huanza kulainika na kutoka weusi mapema. Kila mtu pale mtoni anajua, na kila mtu anaosha, kwa sababu Dar hawanunui karoti chafu. Mteja wa mjini analipia mng'ao, na mng'ao unakula siku za karoti.

Kisha linakuja gunia. Sijui kama kuna mtu aliyekulia mlimani asiyelijua tumbo la lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, halafu juu ya mdomo linajengewa kofia ya wavu na kamba, karoti zimepangwa vichwa nje kwa ufundi kabisa, mpaka gunia linakuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tano. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Wakala wa Vipimo ipo tangu 2002. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa kama msimu. Lakini mkulima hauzi kwa kilo, anauza kwa gunia, na mpakiaji ndiye anayeamua gunia liishie wapi. Kama kofia ina kilo 30, basi kila magunia matatu au manne mkulima ametoa moja la bure. Fanya hesabu hiyo kwa msimu mzima, kisha niambie nani ananyonya kwa kutaja bei na nani ananyonya kwa kamba na wavu. Kwenye tenga la nyanya ni hivyo hivyo: kuna matenga yanayoota ubao mmoja wa ziada kila baada ya miaka michache.

Nilimuuliza mjomba kuhusu lumbesa, yeye akiwa mtu wa upande ule. Hakuona aibu. Alisema gari linatoza nauli kwa gunia, ushuru unahesabiwa kwa gunia, kuli wa Dar analipwa kwa gunia. "Sasa wewe ungepakia dogo?" Nikakosa jibu. Mzani ukiwekwa kwa mkulima peke yake, na safari nzima iliyobaki ikaendelea kuhesabu vichwa vya magunia, lumbesa haiendi popote. Hilo naona wakaguzi wengi hawalisemi.

Sasa tuje kwenye bei. Nilikuwepo siku moja shangazi akiuza nyanya. Kijana aliyekuja ni dalali wa kijiji cha jirani, mtoto wa watu wanaojuana na shangazi, kwa hiyo adabu ilikuwepo ya kutosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mnachukuaje?"

"Mali yako nzuri, mama, sina neno. Tatizo soko. Iringa wameshusha mzigo."

"Mbona Iringa wanashusha kila siku ninayovuna mimi?"

Kijana akacheka, akataja elfu ishirini kwa tenga. Shangazi alikuwa ameshaniuliza bei ya Ilala tangu jana yake, na mimi nilikuwa nimempigia rafiki anayepita pale kila alfajiri: elfu arobaini na tano. Shangazi akaitoa hiyo namba kama mtu anayeweka karata ya turufu mezani. Kijana hakubisha hata kidogo. Akasema, "Ni kweli, mama. Hiyo ndiyo bei ya kule. Basi zipeleke."

Kimya. Matenga yalikuwa pale chini ya mti, nyanya zimeshachumwa, zinaendelea kugeuka rangi bila kumsubiri mtu. Gari lingekuja jioni ile na lingine labda keshokutwa. Deni la dawa lilikuwa dukani likimsubiri. Wakamalizana kwa ishirini na tatu.

Tangu siku hiyo nimepoteza imani na miradi inayodhani kwamba mkulima akitumiwa bei za masoko kwa ujumbe wa simu, tatizo limekwisha. Simu imefika mlimani muda mrefu, na bei ya Dar inajulikana Lukozi kabla jua halijachomoza. Kuijua bei ni jambo moja. Kuwa na gari, mteja wa upande wa pili, na nyanya inayoweza kungoja ni mambo mengine matatu.

Pia si kila mzigo unalipwa papo hapo. Mwingi huenda kwa mali kauli: dalali anachukua, anaandika kwenye daftari, analipa akirudi. Mkulima anamkopesha mfanyabiashara, kinyume na vile ungedhani. Wakati mwingine mkopo unakwenda upande wa pili, dalali anampa mkulima fedha ya mbegu na dawa mwanzoni mwa msimu, na hapo mavuno yana mwenyewe tayari hata kabla hayajatoa maua. Shangazi anakataa fedha za namna hiyo. Majirani wengi hawana uwezo wa kukataa.

Gari linaondoka jioni. Si kwa kupenda usiku. Ni kwa kukimbia jua na kukimbilia alfajiri ya Dar. Nilipanda cabin mara moja nikiwa nimebanwa kati ya dereva na mjomba, utingo akiwa juu ya mzigo amejifunga turubai. Kabichi huwa chini au nyuma, zimeachiwa majani ya nje yawe mto wake. Matenga ya nyanya yanapangwa juu kwa juu, na lile la chini kabisa linabeba wenzake wote hadi Dar. Nyanya za tenga hilo hazina matumaini sana. Kutoka Soni kushuka Mombo dereva alikuwa hasemi kitu. Masika mawe huporomoka barabarani pale, na usiku unayaona yakiwa tayari mbele ya taa. Mara ukifika Mombo joto linaingia dirishani kama umefungua jiko, na nyanya zilizotoka kwenye ubaridi zinaanza kutoa jasho ndani ya matenga. Mjomba alinusa hewa akasema, "Zimeshaanza kazi."

Kuna geti la ushuru. Hapa niwe mkweli, mambo yamepungua ukali. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, ya biashara hadi 3, na ikaufuta kabisa kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Risiti inatoka kwenye mashine. Kinachouma zaidi sasa ni dakika: foleni ya geti, askari anayetaka kuona leseni, mizani ya Vigwaza ambako magari ya mizigo yanajipanga. Zamani kulikuwa pia na daraja la Wami, lile jembamba la njia moja, magari yakipita kwa zamu, hadi jipya lilipofunguliwa 2022. Mjomba alikuwa anaweza kukutajia kila mahali alipowahi kupoteza nusu saa kati ya Korogwe na Kibaha, kama wengine wanavyotaja vituo vya daladala.

Nusu saa ina maana kwa sababu soko la jumla ni la usiku. Ilala, Mabibo, Stereo kule Temeke, magari yanashusha kuanzia saa nane, saa tisa. Wanunuzi wa kwanza ni wale wenye haraka na fedha taslimu, mawakala wa hoteli na wenye magenge makubwa, wanaochagua matenga kwa tochi ya simu. Hao ndio bei arobaini na tano. Saa kumi na moja wanafika akina mama wa magenge ya Mbagala, Tabata na Tegeta, wanaungana wawili wawili kununua tenga moja. Bei inashuka kidogo. Kukipambazuka wanakuja wa kubahatisha. Saa tatu asubuhi anayebaki na mzigo anauza kwa yeyote, na kuna watu wazima kabisa wanaolala vizuri kisha wanakuja saa hiyo kwa makusudi.

Katikati ya yote yuko dalali wa mjini, tofauti na yule wa mlimani. Yeye hanunui. Anakuuzia mzigo wako kwa kamisheni, anawajua wateja kwa majina ya watoto wao, na anajua nani akisema nitalipa jioni atalipa kweli. Kijana mmoja wa kijijini kwetu alijaribu kumkwepa. Alikodi nafasi kwenye gari, akaja na matenga yake mwenyewe kwenye soko moja ambalo sitalitaja. Hakuna aliyemzuia. Ila hapakuwa na pa kushushia, akapewa pembeni karibu na majalala, wateja wakawa wanapita wakimtazama kama mgeni msibani. Aliuza mchana, kwa mafungu, akarudi na nauli.

Na mzigo ukilala je? Ndiyo hofu ya kila mtu kwenye mnyororo huu. Mara moja gari la mjomba lilikwama upande wa Kabuku, usiku, springi imekatika. Walifika Dar saa nne asubuhi. Wenye magenge walikuwa wameshaondoka, na hakuna anayenunua tenga mchana wakati kesho alfajiri mali mpya inaingia. Mzigo ukalala. Kesho yake ukaitwa mali iliyochoka, ukauzwa chini ya nusu, matenga ya chini yakamwagwa. Mjomba alikuwa ameuchukua wote kwa mali kauli. Aliporudi mlimani aliwalipa kidogo kidogo, akianza na wajane, na kwa miezi kadhaa alikuwa anapita njia ya juu ya msitu kwenda msikitini ili asipite mbele ya nyumba za wanaomdai. Baadhi walisema amekula fedha. Shangazi alikuwa mmoja wao, nyanya zake zilikuwemo. Hawakusalimiana vizuri mpaka Idi.

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaosema tumwondoe mtu wa kati. Ile tofauti ya ishirini na tatu na arobaini na tano ina nauli ndani yake, ina ushuru, makuli wa pande mbili, kamisheni ya Dar, matenga yaliyooza na ule usiku wa Kabuku. Ina faida pia, wakati mwingine ya kupindukia, sikatai. Lakini mtu akikuambia faida yote iko kwa dalali, muulize mbona madalali wengi wa mlimani wanaishi nyumba sawa na za wakulima.

Watu wamejaribu njia fupi. Kuna wakulima wa Lushoto waliojikusanya wakawa wanapeleka mboga zilizochambuliwa kwenye mahoteli na maduka makubwa ya Dar, na kwa walioweza kufuata viwango bei ilikuwa nzuri na inajulikana mapema. Shida ni kwamba maduka makubwa yenyewe yamekuwa wageni hapa kwetu: Shoprite iliuza maduka yake 2014, Uchumi ikafunga 2015, Nakumatt iliyonunua yale ya Shoprite ikaanguka miaka michache baadaye. Fuso la Ilala halijawahi kukosa kuondoka. Ningekuwa na uwezo wa kubadili kitu kimoja, ningebadili tenga. Kreti za plastiki zinazopangika bila kuikandamiza ya chini zinajulikana na zinauzwa, ila zinahitaji mtu wa kuzirudisha mlimani tupu, na hakuna anayetaka kulipa nauli ya hewa. Baada ya hapo ningewaomba wakulima wa bonde moja wasipande nyanya wiki moja wote. Hilo nimelisema mara nyingi kwenye mikutano ya ukoo. Wananisikiliza kwa heshima, kisha mvua inanyesha na wote wanapanda.

Shangazi alichofanya ni kitu kingine. Misimu hii miwili kipande cha matutani amekitoa kwenye karoti, amekitia viazi mviringo. Kiazi kikishakauka majani kinaweza kubaki ardhini wiki mbili, tatu, ilimradi mvua isizidi na nondo wa viazi wasikiwahi kwenye nyufa za udongo. Bei yake haiwezi kuruka kama ya nyanya, na gunia lake nalo lina kofia. Mwezi uliopita yule yule kijana alimpigia simu kuuliza kama viazi tayari, akataja bei. Shangazi akamwambia viko ardhini, havina haraka, apige tena Alhamisi. Alipiga Jumatano, akiwa ameongeza elfu nne.